Hodi Kwenye Chumba Kitupu

Ipo siku moja, mwanangu Doto, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, ingawa nasikia unaeneza habari kwamba kichwa changu hakishiki tena kitu. Mama yako alinipigia simu jana kunipa pole. Kumbe umemwambia kuwa mama mkubwa ameanza kusahau, kwamba kila ukija hapa Majengo na kubisha hodi nakuita kwa jina la pacha wako, Kulwa, ambaye hukujaliwa hata kumfahamu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kichwa changu ni kizima. Nakumbuka gauni nililovaa siku ya kipaimara na jina la aliyelikanyaga. Nakuita Kulwa kwa makusudi, na sikuwahi kukueleza sababu kwa kuwa mama yako hapendi habari hizo.

Leo nitazieleza, atanisamehe. Umeniandikia ujumbe kwamba mwenzako kazini amesafisha sehemu ya programu inayoshughulikia hitilafu za kifaa, na wewe umepewa kuihakiki kabla haijapita. Umesema amepunguza mistari mingi, imependeza, ila amefuta ukaguzi mmoja wa kitu ambacho hakitokei kamwe. Ukaniuliza, "Ni usafi tu, Mama mkubwa, nipitishe?" Nilipousoma ujumbe huo niliingiwa na baridi, na si kwa upepo wa huku Ufipa. Usipitishe kwanza. Vaa sweta, chemsha chai, unisome hadi mwisho.

Nianze mbali kidogo, kabla sijaijua kompyuta. Nililelewa kijijini Mpui kwa Bibi Skola, mama yake mama yetu. Jioni moja ya masika, ukungu umeshuka mpaka kwenye mahindi na huoni hata zizi, mtu akabisha hodi. Bibi alikuwa jikoni anasonga ugali wa ulezi. Mimi, binti mdogo mwenye kiherehere, nikapaza sauti: "Ni wewe, mjomba?"

"Ndiyo," sauti ikajibu.

Nikainuka kufungua, maana mjomba alikuwa anategemewa kutoka Kasanga na migebuka iliyokaushwa, samaki wa ziwani, na mimi nilikuwa mlafi. Bibi akanidaka mkono. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake, unadondosha ugali sakafuni. Akauliza yeye, taratibu: "Ni wewe, Kalista?"

Kalista alikuwa binti yake, tuliyemzika kabla ya mavuno yaliyopita. Sauti ile ile, isiyobadilika hata chembe, ikasema, "Ndiyo."

Bibi hakufungua. Alirudi jikoni akaendelea kusonga, nami nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Hodi haikurudiwa, na hatukusikia mtu akiondoka. Asubuhi hapakuwa na nyayo kwenye tope. Ila ng'ombe walikuwa wamebanana wote upande mmoja wa zizi, ule ulio mbali na mlango wetu, na walikataa kusogea mpaka jua lilipopanda. Mjomba alifika baadaye na samaki wake, akashangaa alipoulizwa kama alipita jana. Ukitaka kujua alikuwa nani, sijui. Watu wa mikoa mingine wakisikia tu jina la Sumbawanga huwa na majibu tayari kuliko sisi wenyewe. Mimi nimezeeka bila kujua.

Usiku ule ule wa hodi, tulipokuwa tunakula, Bibi alinikemea bila kupandisha sauti, na ndivyo alivyokuwa akikemea mambo makubwa. "Leonsia, jina umempa wewe," alisema. "Umemwekea jibu mdomoni, akalichukua. Mtu akiwa nje na humwoni, muulize neno ambalo mtu wa kweli atalikataa. Akikubali kila unachosema, huyo hayupo."

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na desturi hiyo, na wanakijiji waliizoea. Ukibisha kwa Bibi Skola kukiwa na giza au ukungu, anakuita jina la marehemu, nawe unacheka ukisema, "Hapana, Bibi, ni mimi Deo," ndipo komeo linatolewa. Wengine walimtania. Hakuna aliyekasirika, na wapo waliokwenda kufanya vivyo hivyo kwao.

Nilikua, nikasoma, nikaajiriwa hapa Majengo kwenye karakana ya Mzee Pastori, nyuma ya mashine ya kusaga. Mzee Pastori naye alizaliwa Mpui. Alikuwa mpole, mwenye mafua ya kudumu, na alitengeneza visanduku vya kulinda mashine za oksijeni kwenye vituo vya afya. Kisanduku kilikuwa kompyuta ya zamani iliyovuliwa kila kisichohitajika, na ndani yake ikachomekwa kadi moja yenye nyaya zinazokwenda kwenye mashine. Kwenye kadi kulikuwa na kama vyumba vidogo vya namba. Umeme upo? Hewa inatosha? Bomba liko wazi? Moja maana yake ndiyo, sifuri maana yake hapana. Programu iliyokaa ndani kabisa ya mfumo, kule kwenye kerneli, ilipita chumba hadi chumba ikiuliza, na jibu likiwa baya kengele inalia ili muuguzi akimbie. Programu ya namna hiyo tunaiita dereva. Wewe huhitaji kufundishwa, lakini najua mama yako atasoma na yeye.

Sheria ya Mzee Pastori ilikuwa moja: hakuna anayejipitishia kazi yake mwenyewe. Hata yeye akigusa mstari mmoja aliniita niuangalie, akasubiri mlangoni kama mwanafunzi. Akafa mwishoni mwa kiangazi, kifua kimembana, tukaenda kumzika kwao. Tulibaki wawili, mimi na Lameck.

Lameck unamjua kama baba mdogo mwenye kitambi. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba kutoka Mbeya, mlokole, mtu wa kupiga pasi hata nguo za kulalia. Kazi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, nakiri bila wivu, au kwa wivu kidogo tu. Alichukia kitu kilichorudiwa mara mbili. Alichukia pia mazungumzo ya mizimu, na kwa bahati mbaya yalikuwa yameanza.

Ilikuwa hivi. Mvua za kwanza ziliponyesha baada ya mazishi, kisanduku cha majaribio kilichokaa rafuni kwetu kikaanza kulia chenyewe. Mawingu yakijikusanya juu ya milima ya Mbizi mchana, kabla hata ya tone la kwanza, utasikia mlio mmoja mfupi, kisha kimya. Tunakimbilia kioo, tunakuta kila kitu ni salama. Wanawake waliokuwa wakisubiri unga mashineni walianza kusema Mzee Pastori anaita. Mmoja alikuwa akija mlangoni kwetu, anakitazama kisanduku, anafanya ishara ya msalaba na kuondoka bila salamu. Simu zikaja kutoka kituo cha afya cha kule Mpui pia, kwamba chao kinalia hivyo hivyo, kinawashtua wazazi, na wauguzi wamekifunika kitenge.

Na kwenye kituo hicho hicho, mwanangu, ndiko mama yako alikokuwa. Yustina alikwenda kujifungulia kwa Bibi kama desturi, akapatwa na uchungu kabla ya wakati. Mkatoka wawili. Kulwa hakuvuka siku ya pili. Ukabaki wewe, mdogo kiasi cha kulala ndani ya kofia ya baba yako, na kijibomba puani kinachokuletea hewa. Muuguzi alituambia waziwazi kwamba hewa hiyo ikikatika kwa muda mrefu hutaweza kuivuta mwenyewe. Mama yako alikuwa haongei. Alikuwa akikutazama kifua kinavyopanda na kushuka, na mtu akimwita hageuki.

Wakati huo Lameck akawa amemaliza usafi wake wa programu. Akaniletea mabadiliko niyahakiki, nikakaa nayo asubuhi nzima. Yalikuwa mazuri mno. Mzee Pastori alikuwa ameandika sehemu ya hitilafu kwa miaka mingi, kipande leo kipande kesho, na ilijaa marudio. Lameck aliipanga upya mpaka ukiisoma unaona raha, na mimi ni mtu wa kuona raha kwenye vitu vilivyopangwa. Nilikuwa nimeshafika karibu na mwisho, nimeshaamua kupitisha, nilipokuta kipande alichokifuta bila kuweka kingine mahali pake. Juu yake Mzee alikuwa ameacha maelezo ya mstari mmoja: "Muite kwa jina lisilo lake."

Nilisoma mara ya pili, polepole. Nikamwita Lameck.

"Hii umeiondoa kwa nini?"

"Ipi, dada Leonsia?" Aliinama kutazama, akacheka. "Ahaa, hiyo. Kila dereva akimaliza kuuliza, Mzee anamtuma akasome na chumba ambacho waliotengeneza kadi wamekiacha bure. Kina sifuri tangu kiwandani na kitakuwa na sifuri mpaka Yesu arudi. Sasa nani anapiga hodi kwenye chumba kitupu? Halafu kengele zote hizi zinazolia bure zinatokea hapo hapo kwenye hilo swali. Nimefuatilia wiki nzima. Nimeliondoa, na kelele zimekwisha."

"Na maneno haya ya juu?"

"Uchawi wenu wa Sumbawanga umeingia mpaka kwenye kerneli," akasema, na mimi nikacheka naye, maana alichekesha. Lakini nilikuwa nikisikia harufu ya ugali wa ulezi unaoungua, mahali ambapo palikuwa na vumbi la unga wa mahindi peke yake.

Nikamwambia asubiri, sijaelewa, na sitapitisha nisichokielewa. Hapo uso wake ukabadilika. Alishika mgongo wa kiti.

"Kisanduku cha Mpui nimeshakiwekea," akasema. "Asubuhi, ulipokuwa bado unasoma, nilipopita kukirekebisha. Sista alinisihi, dada. Kengele inawatisha wazazi, na shemeji Yustina hali wala halali. Nikajua wewe utapitisha tu, ni usafi."

Nikakichukua kisanduku cha rafuni, nikakiwekea programu yake mpya, nikakiwasha. Kioo kikaandika: Umeme upo. Hewa inatosha. Bomba liko wazi. Tulikuwa tumekiunganisha na mashine ndogo ya majaribio, na yote yalikuwa kweli. Nilikaa nikitazama maneno yale matatu yanavyojirudia. Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza, ingawa ilikuwa mchana, lile giza la kijani linalotangulia mvua ya mawe.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliingiza mkono ndani ya kisanduku kikiwa kinafanya kazi, nikalegeza parafujo, nikaing'oa kadi. Mzee Pastori angekuwa hai angenichapa makofi. Nikaishika kadi kiganjani, nyaya zake zinaning'inia, nikageuka kutazama kioo.

Umeme upo. Hewa inatosha. Bomba liko wazi.

Lameck alikuwa ameinua kikombe cha chai, kikabaki hapo hapo karibu na mdomo. Nilitoka nje na kadi, nikasimama kwenye manyunyu karibu na wanawake wa unga, nikauliza kwa sauti, "Inasemaje?" Kutoka ndani akanijibu kwa sauti ndogo, "Bado inajibu, dada. Inasema hewa inatosha." Mwanamke yule wa ishara ya msalaba alinitazama mkononi, akabeba debe lake na kuondoka kabla unga wake haujasagwa.

Nikarudi kwenye kibodi nikauliza mwenyewe, chumba kwa chumba. Bomba liko wazi? Ndiyo. Bomba limefungwa? Ndiyo. Mashine inafanya kazi? Ndiyo. Mashine imezimika? Ndiyo. Mwisho nikauliza kile chumba ambacho hakijawahi kuwa na kitu tangu kiwandani. Na chenyewe kikasema ndiyo.

Wewe unajua kwa nini. Nyaya za ndani ya kompyuta zisizo na kadi upande wa pili hazinyamazi, husomeka moja, moja, moja mpaka mwisho. Kifaa kilichokufa hakisemi kwamba kimekufa. Kinakubali kila unachokiuliza, kwa adabu zote, na ukikiuliza maswali ambayo jibu zuri ni ndiyo, utaridhika na kwenda kulala. Radi ikipiga, hata kule milimani tu, kadi zetu zilikuwa zinapotea kwa muda mfupi kisha zinarudi. Mzee Pastori aliligundua hilo zamani, akaweka swali moja ambalo kadi hai lazima ilikatae. Kengele hazikuwa zikilia bure hata mara moja. Na ujanja huo hakuutoa kwenye kitabu cha kadi, aliutoa kwenye milango ya kwao.

Ndipo ngurumo ya kwanza ikasikika, na ilitoka upande wa Mpui.

Nilipiga simu ya kituo, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Lameck alikuwa ameshatoka barabarani kusimamisha gari, na tukapata pikapu ya mchuuzi wa mahindi. Lami haikuwapo enzi hizo, ni tope. Mvua ya mawe ilitukuta njiani, ikapiga boneti mpaka dereva akataka kusimama, nikamfokea asisimame, mtu mzima kuliko mimi, bila hata shikamoo. Midomo ya Lameck ilikuwa ikicheza, anasali. Nami niliwaza jambo moja tu, kwamba Yustina anakitazama kifua chako, na akichoka kutazama atakiamini kioo.

Tulipofika mvua ilikuwa imekwisha. Nimeingia kwenye nyumba nyingi za misiba maishani, lakini sijaona utulivu kama wa wodi ile. Wazazi walikuwa wamelala. Muuguzi alikuwa kwenye kiti chake anashona kifungo. Kitenge kilikuwa kimetolewa juu ya kisanduku, kioo kinang'aa vizuri. Mama yako aliniona akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu tumzike Kulwa.

"Shikamoo, dada. Leo kimetulia," akaninong'oneza. "Radi yote ile, hakijalia hata kidogo. Na mtoto naye ametulia."

Nikasikiliza. Mashine ya oksijeni ina mlio wake, unaujua, ule wa kuvuta na kushusha. Haukuwepo. Mawe yalikuwa yamepiga bati mpaka watu wameziba masikio, na yalipokoma kila mmoja alidhani ukimya ni wa mvua kuisha. Mashine ilikuwa imezimika kwa radi, na kadi imekufa pamoja nayo, na kisanduku kilikuwa kikiandika bila kuchoka: Hewa inatosha. Nilikutazama. Midomo yako ilikuwa na rangi ya jivu.

Nilipiga kelele kuomba mtungi wa akiba. Muuguzi alirusha nguo aliyokuwa akishona, akakimbia na Lameck. Nikabaki na wewe mikononi, huna uzito, hujisogezi, na Yustina ananivuta nguo akiuliza kuna nini. Sikujua kama upo. Na mwanangu, sikufikiri, mdomo ulijisemea. Nikakuinamia nikaita, "Kulwa! Ni wewe, Kulwa?"

Mama yako alipiga yowe kusikia jina lile. Lakini wewe ulikunja uso. Ulikunja uso mzima, ukageuza kichwa upande, ukatoa kasauti kadogo kakali, ka mtu aliyekerwa. Ndani ya chumba kile kizima, chenye kioo kinachokubali kila kitu, wewe peke yako ndiye uliyekataa. Nikajua upo. Mtungi ukaja, hewa ikaingia, na rangi ikarudi kuanzia masikioni. Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto, mbele ya watu, na sioni aibu kusema.

Lameck alichomoa kisanduku ukutani. Kesho yake alirudisha mistari ile yeye mwenyewe, nikaihakiki, nikapitisha pamoja na usafi wake mwingine wote, kwa sababu ulikuwa mzuri na kosa moja haliwezi kuufanya mbaya. Lakini nilimlazimisha aandike sababu chini ya maneno ya Mzee, kwa lugha ambayo hata mtu asiyezaliwa Mpui ataielewa. Nilimkasirikia Mzee Pastori pia, Mungu amlaze pema. Alijua jambo la kuokoa mtu, akatuachia fumbo. Msafi akikuta fumbo atalifagia, na utamlaumu vipi?

Kengele ya rafuni iliendelea kulia siku za mawingu, na hakuna aliyesema tena kwamba ni mizimu. Lameck alikuwa akisimama na kuvua kofia, nusu utani. Nikuambie na hili, ukitaka ulicheke: kiangazi kilichofuata kisanduku kile kililia mara moja, mbingu nyeupe, siku ambayo umeme ulikuwa umekatika mji mzima na waya wake haukuchomekwa popote. Tulitazamana tukaendelea na kazi. Hilo sina maelezo yake, wala sijayatafuta.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nikuwekee wazi nisije nikafanya kosa la Mzee. Usiogope usafi. Programu isiyosafishwa huoza, na mwenzako amefanya kazi ya heshima, mwambie hivyo kabla hujamwambia lingine. Lakini kila mstari anaoufuta kwenye sehemu ya hitilafu, muulize uliwekwa na nani na aliogopa nini. Mkikosa jibu, usipitishe kwa sababu tu majaribio yamekubali, maana umeona jinsi kukubali kulivyo rahisi. Kitu kisichotokea kamwe huenda hakitokei mezani kwenu tu. Ng'oa kadi uone anayejibu ni nani. Na ukiwa umeelewa, andika sababu pale pale, kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa. Zaidi ya yote jifunze kuuliza maswali ambayo ukweli wake ni hapana, kwa vifaa na kwa watu. Mfanyakazi anayekuitikia kila kitu, rafiki anayekusifu kila siku, mgonjwa anayesema hajambo tu, uliza tena kwa njia nyingine. Na wewe mwenyewe ukiwa huwezi, sema huwezi. Mtu anayekataa pale anapopaswa kukataa, huyo yupo.

Mungu akujalie masikio ya kusikia ukimya, na mkono usio na haraka ya kupitisha. Akupe wenzako wa kukuhakiki bila kukuonea haya. Akulinde na kila kinachojibu wakati hakipo, huko mjini na huku kwetu.

Jumapili njoo ule dagaa wa Kasanga, Lameck ataleta. Ukungu wa majira haya ni mzito, kuanzia jioni sioni hata geti langu, na siku hizi nakaa peke yangu. Ukibisha hodi nitakuita Kulwa, kama kawaida. Usinyamaze kwa kunihurumia, na nakuomba sana, mwanangu, usije siku moja ukaitikia ili kumridhisha mzee. Sema hapana, Mama mkubwa, ni mimi Doto. Nikisikia hivyo nitakuja kufungua.